Mali Bila Daftari: Mfasiri na Kazi ya Makubaliano ya Mdomo

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa katika darasa la fasihi simulizi, huchambuliwa maudhui na mtindo wake, kisha hutahiniwa. La kushangaza ni kwamba wanaoijua mno ndio aghalabu wanaoipuuza. Kuanzia Kitale hadi Bungoma, wanafunzi na wahitimu wa Kiswahili hupokea kazi za kufasiri, kuhariri na kunukuu mahojiano bila mkataba wa maandishi, na hata bila kujua watalipwa kiasi gani.

Chukulia mhitimu mmoja mjini Bungoma. Anapigiwa simu na mtu aliyeelekezwa kwake na mwalimu wake wa zamani. Kuna kijitabu cha kurasa arubaini kuhusu kilimo cha mahindi, kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho kinatakiwa kwa Kiswahili kabla ya msimu wa kupanda. Akiuliza habari za malipo anajibiwa, "Wewe anza tu, hatutashindwana." Anakesha majuma mawili. Anapowasilisha kazi, anaambiwa aongeze majedwali, kisha abadilishe istilahi, kisha amsubiri mwenye fedha arudi kutoka Nairobi. Mahindi yanapandwa, yanapaliliwa, yanavunwa. Yeye angali anasubiri. Hana karatasi inayoonyesha alikubali kufasiri nini, kwa bei gani, wala alistahili kulipwa lini.

Je, huu ni ujinga? La hasha! Ni heshima iliyowekwa mahali pasipo pake. Mhitimu huona haya kumdai mzee karatasi, akihofia kuulizwa, "Kwani mwanangu, huniamini?" Hujiliwaza kwamba ahadi ni deni. Ni kweli, ila deni lisiloandikwa huwa na viwango viwili: cha mdai na cha mdaiwa.

Wakulima wa maeneo hayo hayo hawana haya ya namna hiyo. Mkulima anayeizalishia mbegu Kenya Seed Company, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, hufunga mkataba kwanza. Muuzaji wa mahindi husimama kando ya mizani magunia yake ya kilo 90 yanapopimwa, wala hakuna amwonaye kuwa mkosefu wa adabu. Mkulima wa miwa wa Bungoma, hata malipo yakichelewa, ana stakabadhi ya mizani inayotaja tani alizopeleka. Stakabadhi haimlipi mtu, lakini humzuia mdaiwa kulikana deni. Iweje basi jasho la msomi wa lugha liwe ndilo pekee lisilopimwa?

Wako wanaodhani kuwa sheria itawatetea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Hata hivyo, sheria hiyo humlinda mwajiriwa, si mtu anayejitegemea. Makubaliano ya mdomo nayo hayakukatazwa, na mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inaweza kusikiliza madai ya malipo ya huduma yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini hakimu atauliza: mlikubaliana nini? Hapo ndipo mwenye maneno matupu hubabaika.

Fauka ya hayo, kuna hasara isiyotambuliwa na wengi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimeafikiana vinginevyo. Kwa hiyo mfasiri anayenyamaza hahatarishi ujira wake tu. Kijitabu chake kikichapishwa tena na tena, kimya chake huwa kimekwisha kumnufaisha mwingine.

Wapo watakaosema kuwa anayedai mkataba atanyimwa kazi. Hofu hiyo ina msingi, kwani wenye njaa ya kazi ni wengi. Hata hivyo, mkataba si lazima uwe kitabu. Ukurasa mmoja watosha: kazi ni ipi, bei ni kiasi gani kwa ukurasa au kwa neno, itawasilishwa lini, itarekebishwa mara ngapi bila nyongeza ya malipo, arubuni ni kiasi gani, salio litalipwa lini na hakimiliki ni ya nani. Mteja asipotaka kutia sahihi, mfasiri na amwandikie ujumbe wa simu wenye mambo hayo, kisha angoje jibu la kukubali ndipo aanze. Sheria ya Kenya hupokea ujumbe wa aina hiyo kuwa ushahidi.

Wajibu huu si wa vijana peke yao. Mhadhiri anayemwelekeza mwanafunzi kwa mteja angesema mapema, mbele ya wote wawili, kwamba waandikiane. Na yule anayempa mwanafunzi wake kazi ya kunukuu mahojiano ya utafiti ajiulize iwapo naye ametaja bei. Idara za Kiswahili, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Kibabii kilicho papo hapo Bungoma, zingefaa kuingiza uandishi wa mikataba katika somo la tafsiri, na vyama vya wanafunzi vitunge kielelezo kimoja cha kutumiwa na wanachama.

Kielelezo hicho na kiandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi, na maneno yapo tele: mkataba, arubuni, mdhamini, shahidi, sahihi. Mwanafunzi aliyeyasoma yote hayo ana kila sababu ya kuyatumia kabla hajafasiri hata sentensi ya kwanza.