Twende Langoni Mapema



Kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru, Kenya, kilianza mwaka 1967, kikafungwa 2014. Betri zake ziliwasha tochi na redio vijijini kwa miongo. Kampuni ilieleza kuwa imelemewa na betri za bei rahisi kutoka ng'ambo pamoja na gharama za uzalishaji. Wafanyakazi wapatao 100 wakarudi nyumbani, nasi tukaendelea na shughuli zetu.

Sasa tuna kiwanda kingine: tangu Oktoba 2023 simu zinaunganishwa Athi River. Namfurahia kila kijana aliyepata kazi pale, na ndiyo maana nasema sasa, kabla tetesi za kufungwa hazijaanza. Biashara hii hugeuka ghafla: kodi ikibadilishwa kwenye bajeti moja, au shilingi ikishuka, mwajiri hupiga hesabu upya, na wa kwanza kuguswa ni aliye kwenye mtambo.

Ninyi mlio viwandani, jiungeni na chama cha wafanyakazi leo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu akijulishe chama na afisa wa leba si chini ya mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na kiwango, kisha amlipe kila anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha kazini. Haki hizi hupotea pale mtu anapoitwa ofisini peke yake na kuwekewa karatasi atie sahihi. Usitie hapo hapo. Omba nakala, toka nayo, uisome na wenzako.

Sisi tulio nje ya viwanda pia yanatuhusu. Mwenye nyumba za kupanga, mama mboga, kondakta wa matatu, sote tunakula kutokana na mshahara ule. Tazama mfano huu: Januari 2008 Nokia ilitangaza kufunga kiwanda chake cha simu mjini Bochum, Ujerumani. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,300, lakini walioandamana walifika 15,000 hivi. Uzalishaji ulihamia Romania hata hivyo. Ila Nokia ilikubali kutoa euro milioni 200 kwa ajili ya walioachishwa. Naamini kelele za mji mzima zilichangia.

Waheshimiwa wabunge, mnapompa mwenye kiwanda nafuu ya kodi, andikeni humo ajira atakazozilinda na kwa muda gani. Akivunja ahadi, arudishe nafuu hiyo.

Nawe msomaji, ukisikia kiwanda cha karibu nawe kinapunguza watu, nenda langoni ukasimame nao.