Msasani Si Mkia wa Nairobi

Kila ifikapo tarehe 7 Agosti, kalenda za matukio hurudia sentensi ileile: mwaka 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliripuliwa, wakafa watu 224. Hesabu ni sahihi. Kumbukumbu ndiyo yenye kasoro. Katika sentensi hiyo Nairobi ni kichwa, Dar es Salaam ni mkia, na Msasani haitajwi kabisa.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Yapata saa nne na nusu asubuhi, wengine wakiwa kazini na wengine wakijitayarisha kwa sala ya adhuhuri, gari lenye bomu liliripuka mbele ya ubalozi uliokuwa upande wa Msasani, Barabara ya Laibon. Walikufa watu 11, na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Miongoni mwa hao 11 hamkuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwamo walinzi na watu wa lori la maji, waliotoka majumbani mwao kutafuta riziki. Lori hilo lilisimama baina ya bomu na jengo, likapunguza makali ya mripuko.

Wapo watakaojibu kwamba Nairobi ilipoteza watu 213, na msiba mkubwa hustahiki kutangulia. Hakuna anayebisha ukubwa wa msiba huo. Lakini Waswahili hawasomi hitima kwa mizani. Maiti mmoja husomewa kama wasomewavyo mia, naye hutajwa kwa jina lake na la baba yake. Nairobi yenyewe ilijenga bustani ya kumbukumbu mahali palepale palipobomolewa, majina yakaandikwa ukutani. Dar es Salaam kesho yake huwa Nane Nane, na shamrashamra za wakulima huizima siku iliyotangulia.

Visiwani ukimya una sababu nyingine, nayo ni haya. Khalfan Khamis Mohamed, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mjini New York mwaka 2001 kwa kushiriki katika mripuko wa Dar es Salaam, ni Mzanzibari. Ndipo wengine wakaona heri kunyamaza, jina la Visiwa lisije likatiwa doa. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayewanyamazia waliouawa humwachia muuaji siku nzima iwe yake. Jina la Visiwa husafika kwa kuwalilia wafu hadharani, si kwa kujifanya kana kwamba msiba ulitokea ng'ambo.

Hapa ndipo washairi wanapodaiwa. Pwani hii ilihifadhi vita na vifo vya watu wake kwa tenzi, kabla ya kalenda za kuchapishwa. Mshairi wa Unguja au Pemba atakayetunga maombolezo ya Msasani, akawataja wale 11 mmoja mmoja kwa majina yao, ataifanyia tarehe 7 Agosti jambo lisilowezwa na orodha yoyote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa Msasani si wa mwenzi.