JEMBE LA TAJIRI, GAMBUTI ZA NANI?



Tajiri anapomwandika mtunza bustani hamwambii aje na jembe lake. Humpa jembe, panga, reki, toroli na mpira wa maji, na jioni huvihesabu vyote na kuvifungia stoo. Anajua ya kuwa bila vyombo hivyo kazi haifanyiki. Lakini ukimwuliza habari ya gambuti na ovaroli, jibu ni moja: "Hizo ni nguo zako, shauri yako."

Chama kinasema hapana. Nguo na viatu vya kazi ya udongo ni vyombo vya kazi kama jembe lilivyo. Mwenye bustani ndiye wa kuvinunua, na kuvisafisha ni kazi ya kulipwa. Haya twayasema kwa ajili ya kila mtu anayelima maua, kufyeka nyasi na kubeba samadi katika nyumba za watu, mashule, mahospitali na mahoteli, wanaume na wanawake.

Sasa tuyapime maneno ya matajiri, moja moja.

La kwanza, wanasema, "Mimi nilimpa viatu vyangu vya zamani." Ndugu, viatu gani? Viatu vya ofisini, soli ya ngozi, ambavyo juu ya nyasi zenye umande huteleza kama sabuni. Au raba za kitambaa, ambazo mwiba hupita na ncha ya panga hupita. Na suruali ya suti ya sufu, ambayo ikinyeshewa hunywa maji ikawa nzito, isikauke mpaka kesho. Tukipewa zawadi tutashukuru, maana sisi ni watu wenye adabu. Lakini zawadi ni zawadi na chombo ni chombo. Hakuna tajiri anayempa fundi wa umeme koleo bovu na kusema amemsaidia.

La pili, wanasema, "Watu hawa wamezoea udongo." Je, funza ameambiwa hivyo? Funza hukaa katika vumbi na kuingia katika ngozi ya mguu bila kuuliza mwenye mguu amezoea nini. Mnyoo wa safura huingia kwa nyayo tupu katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Pepopunda hukaa katika udongo na samadi ikingoja kidonda. Mazoea hayajawahi kuwa chanjo. Na akala, ambayo ni kiatu kizuri cha njiani, huacha vidole vyote wazi mbele ya jembe.

La tatu, wanasema, "Nikimpa ataziuza." Basi mbona jembe haliuzwi? Kwa sababu limeandikwa na kuwekwa stoo. Gambuti nazo ziandikwe, mfanyakazi atie sahihi, jioni zioshwe na kubaki kazini. Mwizi akipatikana aadhibiwe yeye, si wote watembee miguu mitupu kwa kosa la mmoja.

La nne, wanasema, "Ni gharama." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mguu ukikatwa na mashine ya nyasi, Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe fidia. Buti ni rahisi kuliko mguu.

Sasa, kusiwe na mtu wa kutudanganya kwa kutuletea takataka na kuiita nguo ya kazi. Ovaroli ya kufaa ni ya pamba nzito, kama kaki au dengrizi, yenye mikono mirefu na isiyobana magoti mtu anapoinama. Isiwe na vitambaa vinavyoning'inia, maana mashine huvishika. Kwa matope na samadi, gambuti za mpira zilizo sawa na mguu wa mvaaji, pamoja na soksi. Gambuti kubwa humwangusha mtu na ndogo humtoa malengelenge. Kwa mashine ya kukata nyasi, gambuti tupu hazitoshi. Zinatakiwa buti ngumu zenye chuma mbele. Na kila mtu apewe ovaroli mbili, kwa sababu moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko mwilini. Mwenye moja huivaa mbichi au huivaa chafu.

Katika kusafisha, wengi wetu tunapoteza nguvu na nguo pamoja. Udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru usisuguliwe ukiwa mbichi, maana unazidi kuingia ndani. Uache ukauke, upige kwa brashi, loweka nguo katika maji baridi, kisha ufue kwa sabuni. Usikimbilie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Wekundu ule ni kutu ya chuma iliyo ndani ya udongo, na dawa ile huweza kulifanya doa likae milele. Utomvu wa mgomba nao hautoki, basi usivunjike mkono kwa kuusugua. Gambuti zioshwe nje na ndani, zigeuzwe chini juu kivulini, kwa maana jua kali hupasua mpira. Buti za ngozi zisikaushwe karibu na jiko. Zijazwe magazeti, na zikikauka zipakwe mafuta.

Kazi hii yote yachukua muda na sabuni na maji. Nani analipa? Leo analipa mfanyakazi, usiku, kwa maji ya kununua kwa mtungi, au analipa mkewe ambaye hakuandikwa na tajiri hata siku moja.

Na hapa ndugu tusikilizane vizuri, maana neno hili si la usafi tu. Mtu aliyenyunyiza dawa ya wadudu au ya magugu hurudi nyumbani na dawa ile katika nguo. Mtoto humkimbilia na kumkumbatia miguu. Nguo hutupwa katika karai moja na nepi na shuka. Sumu ya bustani ya tajiri imekwisha kuingia katika chumba chetu. Nguo ya dawa haifai kwenda nyumbani kabisa. Ivuliwe kazini, ifuliwe siku ile ile peke yake, mfuaji akivaa glavu. Isuuzwe kwanza, ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, ianikwe juani, na maji yake yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Nguo iliyolowa dawa kali isiyochanganywa na maji isifuliwe, itupwe kwa njia ya salama. Wakati wa kunyunyiza, suruali iwe nje ya gambuti, dawa isichuruzike ndani. Na viatu vya ngozi visivaliwe, maana ngozi hunywa sumu na haioshwi ikatoka.

Je, haya tunayadai kama sadaka? La. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yasema kuwa mwajiri ampatie mfanyakazi mavazi ya kinga yanayofaa, pamoja na glavu na viatu inapohitajika, mahali penye kazi ya majimaji au ya vitu vya kudhuru au vya kuchukiza. Wala haikusema kuyatoa tu, imesema na kuyatunza. Chama kinauliza: nguo iliyojaa sumu na isiyofuliwa imetunzwa na nani? Nayo sheria ile ni ya kila mahali pa kazi, si ya viwanda peke yake. Na Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani namba 155 ya mwaka 1981, kifungu cha 21, yanasema mambo ya usalama kazini yasimgharimu mfanyakazi kitu.

Kwa hiyo madai yetu ni haya:

1. Ovaroli mbili na gambuti za kipimo kwa kila mtunza bustani, bila kukatwa mshahara.
2. Buti zenye chuma kwa mwenye mashine, na glavu kwa mwenye dawa na samadi.
3. Sabuni, maji, karai na mahali pa kubadili nguo, palepale kazini.
4. Muda wa kufua na kuosha uhesabiwe katika saa za kazi.
5. Nguo ya dawa isivuke lango.

Neno la mwisho ni letu wenyewe. Wako wenzetu wanaopewa gambuti na kuziweka za kuvaa siku ya mvua mjini, huku wakilima miguu mitupu. Sheria ile ile inamtaka mfanyakazi avae alichopewa. Anayekataa kuvaa anampa tajiri maneno ya kutupiga nayo sisi sote. Na anayekubali kufanya kazi ya sumu kwa fulana iliyotoboka ili apendwe, anamwekea bei mwenzake.

Mjumbe wa kila tawi aandike ni nani hana nini, alete orodha kwenye mkutano. Mtu mmoja akiomba viatu huitwa mkaidi. Tukiomba wote, huitwa mapatano. Kidole kimoja hakivunji chawa.

UMOJA NI NGUVU.