Swali Hutangulia Hesabu
Mwaka 1972 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliigiza mustakabali wa dunia kwa kompyuta, wakaonya kwamba mwenendo usipobadilika, ukuaji ungefikia kikomo katika muda wa miaka 100. Kielelezo chao kiliitazama dunia nzima kama nyumba moja, bila kumtenga tajiri na maskini.

Mwaka 1976 wataalamu wa Taasisi ya Bariloche, Argentina, wakiongozwa na Amílcar Herrera, walianza na swali jingine: kila mtu atapataje chakula, makazi, elimu na afya? Walihitimisha kwamba kikwazo si uhaba wa maliasili, bali ni mgawanyo wa madaraka na mali.

Apandacho mtu ndicho avunacho. Kompyuta nayo huvuna dhana ilizopandiwa. Twazisihi serikali zetu zisipokee hesabu yoyote kabla ya kuuliza ni nani aliyechora kielelezo, na amemwacha nani nje.