Kifaranga mweupe si ushahidi

Manono inatajwa kwa lithiamu, lakini mtoto akiugua usiku, kinachouzwa asubuhi ni bata wa uani. Ndiyo maana ugomvi wa bata si jambo dogo. Jike na dume wote weusi wakipata kifaranga mweupe, analaumiwa dume la jirani, na maneno yanafika hadi kwa shefu wa mtaa.

Tuache hayo. Kwa bata wanaopiga kelele (siwasemi wale wakimya wenye uso mwekundu), weupe hurithiwa kwa kujificha. Bata mweusi anaweza kuubeba maisha yake yote bila unyoya mmoja mweupe. Wawili wanaoubeba wakikutana, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka mweupe. Jirani hakuhusika.

Mimi naogopa jambo lingine. Weupe ukizuka ghafula, huenda dume anapanda binti zake mwenyewe. Ndugu hubeba mambo yale yale yaliyojificha, na si rangi peke yake: mayai yanaanza kuharibika, vifaranga wanakuwa dhaifu. Kabla ya kumshitaki jirani, mwombe mbadilishane madume.