Nani Hajui Hesabu?

Hoja ya mwandishi mmoja ni hii: watu wa Lubumbashi, Kongo, hawana utamaduni wa fedha, basi wafundishwe kupanga matumizi na kuweka akiba, na benki pamoja na simu zitawatoa gizani.

Giza lipi? Mwandishi huyo aende soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi, asubuhi. Mama muuza unga anapokea noti ya dola, anaikunjua, anaiinua juani; ikiwa na mpasuko hata wa ukucha, anairudisha. Kisha anapiga hesabu ya faranga kichwani kwa bei ya leo, si ya jana, huku akipima unga kwa meka, kopo lake la kupimia, na kuwaza zamu yake ya likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana. Semina gani itamwongezea kitu?

Eti hatuweki akiba. Mwaka 1993 sarafu yetu ilibadilishwa: zaire mpya moja ilimeza zaire milioni 3 za zamani. 1998 faranga moja ikameza zaire mpya 100,000. Aliyetunza noti alibaki na karatasi. Aliyenunua matofali alijenga.

Kichekesho hasa ni mfano wake wa Gécamines, kampuni ya madini. Anasema wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kazini kwa mpango wa 2003, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, walitapanya malipo yao. Walitapanya! Watu waliokaa miezi na miezi bila mshahara? Fedha ile ilifika ikiwa na wenyewe: mwenye duka aliyekopesha unga, ada za shule, bili za hospitali. Madeni hayo mwalimu wetu wa hesabu hakuyahesabu.