Mchanga wa Mto ni Haki ya Pwani



Asimamaye Newala penye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini yake, lakini bahari haioni. Ndiyo maana wengi wetu hudhani kuwa kuliwa kwa fukwe ni taabu ya watu wa pwani peke yao. Sivyo. Mchanga mwingi wa ufukweni huletwa na mito. Ruvuma huupokea kutoka miteremko ya Uwanda wa Makonde, na Lukuledi, utokao upande wa Masasi, huufikisha Lindi.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni somo tosha. Mchanga ulichimbwa kwa wingi katika mito iliyokuwa ikiulisha ufukwe, nayo bahari ikazidi kusogea. Hoteli ya Africana ikaachwa. Zikajengwa kuta za mawe za kuzuia mchanga usihame. Zikaokoa upande mmoja, upande wa pili ukanyimwa.

Dawa nyingine ni kuurudishia ufukwe mchanga kutoka mahali pengine. Dawa hiyo ina masharti. Chembe zikiwa laini kuliko za asili, mawimbi huzichukua upesi. Nyumba zikijengwa hadi ukingoni, ufukwe hukosa nafasi ya kupumua. Na chanzo kikiendelea kuchimbwa, kazi haina mwisho: kule Lagos, Nijeria, ufukwe wa Bar Beach ulijazwa mara kadhaa tangu miaka ya 1970, na kila mara bahari ikarudi kudai.

Basi mpango wa kuuokoa ufukwe hauanzii ufukweni. Huanzia kijijini, huku juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kupanga ardhi yake. Tuitumie. Mpango utaje wapi mchanga uchimbwe, kwa kiasi gani, na kingo zipi ziachwe na miti yake.

Hapa kamati za misikiti hatuna udhuru, kwani nasi tunajenga. Lori la mchanga linapomwaga mzigo uwanjani, tuulize umechimbwa wapi na kwa kibali cha nani. Mchanga halali huenda ukawa ghali zaidi, na sadaka za waumini ni chache, hilo twalijua. Lakini fiqhi yetu imejengwa juu ya kanuni ya kutodhuru. Haitupendezi kuinua mihrabu huku kwa mchanga ulioubomoa ukingo wa shamba la jirani, na ambao mvuvi wa Lindi atakuja kuukosa penye ufukwe wake.

Suala hili tulifikishe katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, kabla ya masika.

Wabillahi tawfiq.